Leseni ya Kwetu Huko Uingereza: Hesabu Miezi 12

Zamani mtu akitoka kijijini alikwenda mjini, na mji ulikuwa mwisho wa safari. Siku hizi vijana wetu wanakwenda mbali zaidi. Wengine wako Uingereza. Wanauguza wagonjwa hospitalini, wanatunza wazee majumbani, au wanasoma. Sisi huku tunapokea simu zao, na hela wanazotuma zinalipa ada za shule na kununua mabati. Lakini mashaka wanayoyapata huko hatuyajui sana.

Leo tutajifunza jambo moja katika hayo, nalo ni leseni ya udereva. Labda utasema, "Mimi sina hata baiskeli. Leseni ya Uingereza inanihusu nini?" Inakuhusu. Mtoto wako akikosa leseni, kazi inaweza kumponyoka, na pengo lake utaliona hapo hapo nyumbani kwako. Isitoshe, ndani ya somo hili kuna jambo ambalo nyinyi mliosoma kisomo cha watu wazima mnalijua kuliko wengi. Tutalifikia mwishoni.

MFANO WA MAMA NEEMA

Tuchukue mfano wa dada mmoja, tumwite Mama Neema. Huku nyumbani aliendesha pikapu ya kubeba mazao kwa muda wa miaka minane. Matope ya masika, mitelemko, ng'ombe barabarani, vyote alivizoea.

Januari 2024 alihamia Uingereza kwa kazi ya kutunza wazee. Kazi ile si ya kukaa mahali pamoja. Asubuhi unakwenda nyumba hii kumwogesha bibi. Saa nne unakwenda nyumba ile kumpa babu dawa zake. Jioni unazunguka tena. Bila gari huwezi kufika kote. Mwajiri alimwuliza kama ana leseni. Mama Neema akatoa leseni yake ya Tanzania, akaambiwa ni sawa, akaanza kazi.

Basi akatulia. Akajisemea, "Mimi ni dereva wa miaka minane. Na huku wanaendesha kushoto kama kwetu. Nina shida gani?"

Mwezi wa Novemba, mwenzake wa kazi aliyetoka Kenya alimwuliza, "Dada, mtihani umeshafanya?"

"Mtihani gani?"

"Wa leseni! Ile ya nyumbani si ni ya mwaka mmoja tu?"

Mama Neema aliishiwa nguvu. Kumbe zilikuwa zimebaki kama wiki nane.

SHERIA INASEMAJE?

Tunaposema Uingereza katika somo hili, tuna maana ya England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake.

Mtu mwenye leseni halali ya Tanzania, Kenya au Uganda akihamia huko, anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni hiyo kwa miezi 12. Miezi hiyo inahesabiwa tangu siku alipoanza kuwa mkazi. Wengine hudhani kwamba ukienda likizo nyumbani na kurudi, hesabu inaanza upya. Sivyo. Kama wewe ni mkazi wa huko, likizo haisimamishi hesabu.

Ziko nchi chache ambazo Uingereza imekubaliana nazo. Mtu wa nchi hizo anaweza kubadilisha leseni yake, akapewa ya Uingereza bila kufanya mtihani. Katika Afrika, Zimbabwe na Afrika Kusini zimo. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Kwa hiyo mtu wa kwetu, hata kama ameendesha miaka 20, lazima afanye mtihani kama mtu anayeanza.

Ukipita mwezi wa 12 bila kushinda mtihani, leseni ya nyumbani haikufai tena barabarani huko. Unahesabiwa kama mtu anayejifunza.

AKIENDESHA BAADA YA MUDA KUISHA

Mtu anaweza kujidanganya kwamba hakuna atakayejua. Ajue haya:

(a) Kuendesha bila leseni inayotakiwa ni kosa. Faini inaweza kufika pauni 1,000. Tena anaandikiwa alama za makosa, na alama hizo zinabaki katika kumbukumbu zake.

(b) Bima inaweza isimlinde. Kuendesha bila bima ni kosa jingine. Adhabu ya papo kwa papo ni pauni 300 na alama 6.

(c) Polisi wanaweza kulichukua gari.

(d) Akimgonga mtu, hapo ni balaa. Bima ndiyo inayowalipa walioumia na inayomwokoa dereva asifilisike. Bila bima, mzigo unaweza kumwangukia yeye mwenyewe.

Kwa hiyo miezi 12 ikiisha, jibu ni moja: ashuke kwenye usukani mpaka atimize masharti.

HATUA TATU ZA KUPATA LESENI

Hatua ya kwanza: Leseni ya kujifunzia

Leseni hii madereva wetu huiita lena. Huko hutolewa na serikali kwa mtu mwenye kibali cha kuishi nchini kwa siku 185 au zaidi. Ada yake ni pauni 34 kwa anayeomba kwa mtandao. Anayejaza fomu na kuituma kwa posta hulipa pauni 43. Mwombaji atatakiwa kuonyesha yeye ni nani, na kutaja mahali alipoishi katika miaka mitatu iliyopita. Ni vizuri aandike anwani hizo mapema kwenye daftari.

Kuna watu wanaogopa kuomba lena mapema. Wanasema, "Nikichukua lena, si nitazuiwa kuendesha peke yangu?" Hapana. Maadamu miezi 12 haijaisha, anaendelea kuendesha kwa leseni ya nyumbani kama kawaida. Hana haja ya kubandika kibao cha mwanafunzi wala kukaa na msimamizi. Kwa hiyo kuomba mapema hakumpunguzii kitu.

Miezi 12 ikiisha ndipo masharti ya lena yanapomshika. Lazima gari liwe na kibao cheupe chenye herufi L nyekundu, mbele na nyuma. Lazima akae na msimamizi mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, aliyekuwa na leseni kamili kwa miaka mitatu. Na lazima awe na bima inayomhusu.

Hatua ya pili: Mtihani wa maarifa

Mtihani huu hufanywa kwenye kompyuta, na ada yake ni pauni 23. Una sehemu mbili, na lazima ushinde zote mbili kwa siku moja.

Sehemu ya kwanza ni maswali 50. Unachagua jibu lililo sahihi. Muda ni dakika 57, na ili ushinde lazima upate maswali 43. Ukikosa maswali 8, umeanguka.

Sehemu ya pili ni ya kutambua hatari. Unaonyeshwa picha 14 za video za barabarani. Mathalani, unaona gari limesimama pembeni, kisha mtoto anajitokeza nyuma yake. Mara unapoona hatari inaanza, unabonyeza. Ukiwahi kuiona, unapata alama nyingi. Ukichelewa, unapata chache au hupati kitu. Na ukibonyeza ovyo ovyo ili ubahatishe, video ile unapewa sifuri. Alama zote ni 75, na za kushindia ni 44.

Mtihani huu hauna Kiswahili. Zamani serikali ya huko iliruhusu wakalimani na sauti za lugha za kigeni, lakini tangu Aprili 2014 jambo hilo lilikomeshwa. Siku hizi maswali ni kwa Kiingereza au kwa lugha ya Wales. Hata hivyo, anayesoma kwa shida anaweza kuomba asomewe kwa sauti ya Kiingereza kwenye kompyuta. Anaweza pia kuomba aongezewe muda, ila atatakiwa kuonyesha uthibitisho wa shida yake. Mambo hayo ayaombe anapojiandikisha, asingoje siku ya mtihani.

Akianguka, haruhusiwi kurudia mpaka zipite siku 3 za kazi. Akishinda, ushindi huo ni wa miaka miwili. Kama hajashinda mtihani wa barabarani katika muda huo, anaanza tena mtihani wa maarifa.

Hatua ya tatu: Mtihani wa barabarani

Ada yake ni pauni 62 kwa siku za kazi, na pauni 75 kwa jioni au mwisho wa wiki. Mwanafunzi huja na gari, la kwake au la mwalimu wake.

Kwanza mkaguzi humpima macho. Unatakiwa kusoma namba za gari lililo umbali wa mita 20. Ukishindwa, mtihani umeishia hapo hapo. Kisha unaulizwa maswali mawili ya kulitunza na kulitumia gari salama, mathalani jinsi ya kujua kama breki zinafanya kazi. Unaendesha kwa dakika kama 40, na swali moja kati ya hayo mawili huulizwa ukiwa unaendesha. Sehemu ya njia hiyo mkaguzi hakuelekezi. Unafuata vibao au mashine ya kuonyesha njia.

Makosa madogo yanavumiliwa mpaka 15. Lakini kosa moja tu kubwa, au moja la hatari, linakuangusha. Aliyeanguka hurudia baada ya siku 10 za kazi au zaidi, tena akipata nafasi. Hapo kwenye nafasi ndipo penye shida, maana watu huweza kusubiri kwa miezi.

Jambo jingine: anayefanya mtihani kwa gari la otomatiki hupewa leseni ya otomatiki tu. Anayetaka kuendesha gari la gia na klachi, afanye mtihani kwa gari la namna hiyo.

TUFANYE HESABU

Mtu akishinda kila mtihani mara ya kwanza, ada za serikali ni hizi:

Lena kwa mtandao: pauni 34
Mtihani wa maarifa: pauni 23
Mtihani wa barabarani, siku ya kazi: pauni 62
Jumla: pauni 119

Akianguka mara moja kila mtihani, anaongeza 23 na 62. Jumla inakuwa pauni 204. Hapo hatujaweka malipo ya mwalimu, ambayo ni makubwa kuliko ada hizi mtu akihitaji masomo mengi.

Kwa sababu ya foleni, vishoka wamepata soko huko pia. Wanauza nafasi za mtihani kwa bei ya juu. Wengine wanadai watakupatia leseni bila mtihani. Huyo anayeuza leseni ni mwizi, mkimbie. Ada halali zinaonyeshwa katika tovuti ya serikali ya Uingereza, na zikibadilika, hapo ndipo pa kuhakikisha.

KWA NINI MADEREVA WAZOEFU HUANGUKA?

Kwa miaka ya karibuni, katika kila majaribio 100 ya mtihani wa barabarani, yanayofaulu hayafiki 50. Wanaoanguka si wasiojua kushika usukani tu. Mzoefu naye huangushwa na mazoea yake. Haya ni baadhi ya mambo ya kuangalia:

1. Kutazama kwenye njia panda. Hii ni sababu kubwa ya watu kuanguka. Dereva anaingia barabara nyingine bila kutazama sawasawa kulia na kushoto.

2. Vioo. Sisi wengi tunatazama mbele, na kioo tunakikumbuka tukisikia honi ya basi nyuma yetu. Huko lazima utazame vioo kabla ya kukata kona, kabla ya kuhama upande, na kabla ya kupunguza mwendo.

3. Maili na kilomita. Vibao vya mwendo vya huko ni vya maili. Penye taa za barabarani, kwa kawaida mwisho ni maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48 hivi. Huko Wales, tangu Septemba 2023, mahali pengi pa namna hiyo ni maili 20, yaani kilomita 32 hivi.

4. Watembea kwa miguu. Kwetu mtu wa miguu ndiye anayekimbia gari. Huko, tangu Januari 2022, kanuni zinasema dereva anayekata kona ampishe mtu anayengoja kuvuka kwenye njia panda ile, siyo yule tu aliyekwisha kuanza kuvuka.

5. Honi na taa. Sisi tunapiga honi kusalimia, na tunawasha taa kusema "pita". Huko honi ni ya kuonya. Mijini na penye makazi, gari likiwa linatembea, ni marufuku kuipiga kuanzia saa tano na nusu usiku mpaka saa moja asubuhi. Na taa ukimmulikia mwenzio, maana yake kwa kanuni ni moja tu: "Nipo hapa."

6. Umbo la vibao. Duara linaamuru. Pembetatu inaonya. Mstatili unatoa habari. Ukijua hili, hata kibao usichowahi kukiona kinaanza kukupa maana.

Kwa ndugu waliotoka Kongo, Burundi au Rwanda kuna jambo la ziada. Nyumbani kwao magari hupita kulia. Uingereza hupita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Hao wajizoeze kwanza na mwalimu, hata kama leseni yao bado inawaruhusu kuendesha peke yao.

KURUDI DARASANI

Tumrudie Mama Neema. Aliomba lena mwezi ule ule wa Novemba, lakini alikuwa amechelewa. Januari 2025 miezi yake 12 iliisha. Mwajiri akachukua ufunguo wa gari. Hakumfukuza, ila alimbakizia wazee watatu tu wanaofikika kwa miguu. Mshahara ukapungua zaidi ya nusu. Nyumbani, Neema akachelewa kulipiwa ada ya shule.

Mtihani wa maarifa alianguka mara ya kwanza, maana hakukisoma kitabu. Alisema anajua barabara. Siku ile alimpigia simu mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako vipi?"

"Mama, nimeanguka mtihani. Pale nilikaa na watoto wa miaka 17, wao wakashinda. Mimi dereva mzima! Nimeona aibu. Sirudi tena."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sikiliza mwanangu. Mimi nilishika kalamu nikiwa na wajukuu wanne. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa jirani, niliyembeba mgongoni. Siku ya kwanza niliandika jina langu, herufi zikaenda upogoupogo kama kuku amekanyaga majivu. Watu walicheka. Nikarudi kesho yake. Leo risiti ya pamba naisoma mwenyewe, hanipunji mtu. Wewe aibu yako inalipa ada ya Neema?"

Mama Neema alinunua kitabu cha kanuni za barabarani. Kila usiku alisoma kurasa nne. Neno asilolijua aliliandika kwenye daftari, na mwenzake Mkenya akamsaidia. Februari alirudia, akashinda. Nafasi ya mtihani wa barabarani aliipata Julai. Akaanguka, kwa kuhama upande bila kutazama kioo. Oktoba 2025 akashinda, akarudishiwa ufunguo.

Ukihesabu, tangu Januari mpaka Oktoba ni miezi tisa ya mshahara mdogo. Angeanza kusoma alipofika tu, huenda miezi hiyo yote angeiokoa.

Ndugu msomaji, hili ndilo jambo tulilosema mnalijua kuliko wengi. Mtoto kwenda darasani ni kawaida. Kazi ngumu ni mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima yake, kukubali kuketi tena kwenye benchi na kusema "sijui, nifundisheni". Nyinyi mlilifanya. Kwa hiyo mtoto wako akiwa ugenini, usimwulize tu hela atatuma lini. Mwulize pia, "Leseni yako ina miezi mingapi? Umeshaanza kusoma?" Swali hilo linaweza kumwokoa.

Mpe na ratiba hii. Mwezi wa kwanza: aombe lena na anunue kitabu. Mwezi wa pili na wa tatu: asome, afanye mtihani wa maarifa. Siku anayoshinda: aombe nafasi ya mtihani wa barabarani hapo hapo, maana mtihani huo hauombwi kabla ya kushinda ule wa kwanza. Wakati anasubiri: achukue masomo machache kwa mwalimu, amtoe mazoea mabaya. Akifanya hivyo, hata akianguka mara moja bado anaweza kuwa na muda.

Na kama amehamia nchi nyingine, asichukue hesabu ya Uingereza akaipeleka huko. Kila nchi ina sheria yake. Aulize ofisi ya leseni ya nchi hiyo katika wiki za kwanza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Lena: leseni ya kujifunzia udereva.
Mkazi: mtu anayeishi mahali, si mgeni wa kupita.
Bima: malipo unayotoa mapema ili ukipata ajali usibebe hasara peke yako.
Mkaguzi: mtu anayempima dereva katika mtihani.
Kishoka: mtu anayejifanya wakala ili ale hela za watu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kijana amekuwa mkazi wa Uingereza mwanzoni mwa Mei 2026. Leseni yake ya Tanzania itamfaa mpaka mwezi gani na mwaka gani?

2. Mtu amepata maswali 42 kati ya 50. Je, ameshinda? Alihitaji mangapi zaidi?

3. Mtu ameshinda mtihani wa maarifa mara ya kwanza, lakini ameanguka mtihani wa barabarani mara mbili kabla ya kushinda. Mitihani yote ilikuwa siku za kazi, na lena aliomba kwa mtandao. Ada zote ni pauni ngapi?

4. Kwa nini Mama Neema alichelewa kuanza kusoma? Je, katika kilimo au ufugaji wetu hapa kijijini, ni mambo gani tunakataa kujifunza upya kwa kusema "mimi ni mzoefu"?

Jadilianeni katika kikundi chenu. Kisha mwenye ndugu ugenini amsomee somo hili kwenye simu.